Nyuzi Zilizobadilishana Ncha

Mizizi ya kitunguu ina saa yake ya kukatwa. Ukiikata jioni, utakuta seli zimetulia tu, kiini kimoja kimoja, kama maharage yaliyoanikwa juu ya mkeka. Ukiikata kati ya saa nne na saa tano asubuhi, utazikuta nyingi zikiwa katikati ya kazi ya kugawanyika. Nathanaeli alilijua hilo kwa kuhesabu. Hakuna mwalimu aliyemwambia. Aliajiriwa katika shule ya sekondari pale Same kuosha vyombo vya maabara na kufagia, na cheti chake cha kidato cha nne hakikuwa cha kuonyesha wageni. Lakini miaka kumi na tisa ya kuosha vioo ambavyo wengine walivitazama ilimtia hamu ya kuvitazama na yeye kabla ya kuviosha.

Jumatatu hiyo alikuwa amekata ncha tano, kila moja ndogo kama punje ya ulezi. Alizilaza kwenye asidi ya moto, akazisuuza, akazitia rangi nyekundu, akazifunika kwa kioo chembamba na kukandamiza kwa dole gumba, taratibu, bila kusogeza mkono. Hapo ndipo wengi huharibu. Kioo kikiteleza kidogo tu, seli hukunjamana na kazi ya siku tatu huishia kwenye ndoo.

"Mjomba Kitunguu," aliita msichana mmoja wa kidato cha tatu, jicho lake kwenye hadubini, "mbona zangu zote zimelala?"

"Hazijalala. Seli ikionekana imetulia ndipo inapofanya kazi kubwa. Kwanza inakua. Halafu inanakili nyuzi zake zote za urithi, moja baada ya nyingine, mpaka kila uzi uwe na pacha wake. Halafu inakagua. Ikikuta kuna uzi haujakamilika, inasubiri. Haina haraka kama ninyi mnavyosubiri kengele."

Darasa likacheka. Mwalimu Safia, aliyekuwa akifundisha somo hilo, alikunja mikono akamtazama kwa furaha. "Endelea tu, Mjomba. Mimi leo ni mgeni."

Nathanaeli akasogeza kioo kidogo. "Sasa tazama hapa. Hii imeanza kukaza nyuzi, zimekuwa nene na fupi. Hii ya pembeni, nyuzi zimejipanga mstari katikati. Hii zinavutwa, nusu huku, nusu kule. Na hii ukuta umeshaanza kujengwa, kila mtu kwake."

"Na zikikosea njia?"

Alikisogeza kioo tena. "Mara nyingi hakuna kinachoota."

Simu ikatikisika mfukoni mwa koti lake jeupe. Alitoka nje kuipokea. Ilikuwa hospitali ya Moshi. Majibu yake yalikuwa tayari, na daktari alitaka aje mwenyewe.

Kesho yake, mezani pa daktari, hakusomewa kitu kwanza. Alisogezewa picha. Zilikuwa nyuzi zilizopangwa mbili mbili, kuanzia ndefu mpaka fupi, kila moja na mistari yake myeupe na myeusi. Daktari, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya uchovu, alifungua mdomo aeleze ni nini, lakini Nathanaeli alimtangulia.

"Zilisimamishwa zikiwa zimejipanga katikati. Ndiyo maana zimeonekana nene."

"Umesoma haya?"

"Hapana, daktari. Naosha vioo."

Daktari alimtazama, kisha akavuta kiti karibu, akazungumza naye kama mtu anayezungumza na mwenzake wa kazi. Alimweleza kwamba damu hulishwa ndani ya chupa siku tatu ili seli zianze kugawanyika, ndipo zinasimamishwa na kupigwa picha. Damu ya Nathanaeli ya mara ya kwanza iligoma kuota. Hii ya pili ndiyo iliyokubali. Akaweka ncha ya kalamu kwenye nyuzi mbili.

"Huu na huu. Zamani sana, kabla hujazaliwa au mwanzoni kabisa mwa kuumbwa kwako, zilikatika ncha zikabadilishana. Kwako hakuna kilichopotea, ndiyo maana wewe ni mzima. Ila mwili unapotengeneza mbegu, nyuzi zinagawanywa nusu. Mbegu moja inaweza kubeba uzi uliobadilika bila mwenzake. Mtoto anakuwa na ziada ya hiki na upungufu wa kile. Mimba haishiki."

"Mara nne," alisema Nathanaeli.

"Inaweza hata mara nyingi zaidi. Lakini si zote. Watu wenye hali hii hupata watoto wazima. Inataka subira." Akafungua faili. "Mkeo, Devotha, majibu yake yalitoka mapema. Yeye hana tatizo lolote. Hukuja naye leo?"

Nathanaeli alikunja karatasi ya majibu mara mbili, akaifunua, akaikunja tena pale pale.

"Alirudi kwao," alisema.

Aliporudi Same hakuwasha taa ya chumba chake. Alikaa kitandani na viatu vyake, akayapitia mambo kwa mpangilio, kama alivyozoea kupitia hatua za kazi iliyoharibika ili ajue mkono uliteleza wapi.

Alimwoa Devotha, binti wa Ngujini kule Ugweno, miaka minane iliyopita. Mama yake mwenyewe, Raheli, aliyekuwa akiishi peke yake katika mji wao Mbaga, alimpokea kwa vigelegele. Nathanaeli alikuwa mtoto wake wa pekee, na marehemu baba yake hakuacha mwingine. Mimba ya kwanza ikatoka katika wiki ya tisa. Ya pili, ya tisa. Ya tatu ikavuka mpaka ya kumi na mbili, wakaanza kunong'onezana majina. Ya nne haikufika hata wiki ya nane. Kila mara Devotha alikuwa Mbaga kwa mama mkwe, maana huko ndiko alikopelekwa apumzike, na kila mara wanawake wa mji ndio waliozika, ndani ya shamba la migomba, bila alama. Mwanamume haulizi ni wapi. Ndivyo ilivyokuwa kwao tangu zamani, na Nathanaeli hakuuliza.

Baada ya ile ya tatu, Raheli alimkataza mkwewe kupanda maharage ya mbegu. "Wewe palilia tu," alimwambia. "Kupanda waachie wengine." Devotha alipalilia.

Hapo ndipo Nathanaeli alipofanya jambo ambalo wakati ule aliliona la busara. Jumapili moja alichukua ufunguo wa maabara, akajifungia, akaziweka mbegu zake mwenyewe chini ya hadubini. Zilikuwa nyingi. Zilikuwa zikikimbia. Alihesabu mraba kwa mraba, akahesabu mara tatu, akaandika kwenye daftari, akapata wastani. Alitembea kurudi nyumbani akiwa mwepesi kama mtu aliyeshinda kesi.

Baada ya ile ya nne walikwenda Moshi, wote wawili wakatolewa damu. Daktari alisema wasubiri miezi mitatu. Raheli hakusubiri hata wiki mbili. Aliita ukoo, wakakaa uani Mbaga: baba mdogo Clemence, wajomba wawili, na shangazi. Devotha alikuwa jikoni akipika makande kwa ajili yao.

"Mji huu una mtoto mmoja," Raheli alisema, "na mtoto huyo hana mtoto. Tumbo la Kigweno halishiki. Nani asiyeona?"

Baba mdogo Clemence hakuwa mtu mbaya. Alimgeukia Nathanaeli. "Mwenye mke ni wewe. Wewe ndiye unayefanya kazi na hayo mavioo. Sema unachojua."

Angeweza kusema: tusubiri majibu. Kila mwaka aliwaambia watoto wa watu kwamba seli hukagua kwanza, ikasubiri. Yeye alisema hivi, kwa sauti yake ileile ya upole, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi:

"Mimi nimejipima mwenyewe. Tatizo si mimi."

Makande yaliletwa. Devotha aliwanawisha mikono wote, mmoja baada ya mwingine, akaanza na mama mkwe na kumalizia na mumewe. Asubuhi yake kaka yake alikuja kumchukua.

Miezi mitatu baadaye simu ya Moshi ilisema majibu ya Devotha ni safi, na damu ya Nathanaeli irudiwe. Hakumwambia mtu. Alijidanganya kwamba karatasi safi haielezi kitu. Aliahirisha kwenda mwezi mmoja, kisha mwingine, mpaka Mwalimu Safia, aliyejua kidogo, alipomwambia siku moja wakiosha bika za maabara, "Mjomba, unaogopa sindano au unaogopa jibu?" Hapo alikuwa ameshakaa mwaka mzima.

Zile mbegu alizozihesabu zilikimbia kweli. Hakuwahi kujiuliza zimebeba nini.

Jumatano aliomba ruhusa, akapanda basi mpaka Mwanga, na pale stendi akachukua bodaboda. Dereva aliitwa Hamidu, mchangamfu, kofia yake imefungwa kwa kamba ya viatu.

"Ngujini? Shika vizuri, kaka. Mlima ukikaza mimi huwa siongei. Ukiona nimenyamaza ujue naomba dua."

"Sawa."

"Unakwenda ukweni nini? Mbona mikono mitupu? Wagweno watakurudisha na mimi huyuhuyu!"

Nathanaeli hakucheka, na Hamidu aliponyamaza haikuwa kwa sababu ya mlima.

Devotha alikuwa mbele ya nyumba ya kaka yake, ameketi kwenye kigoda, akichambua buni mbichi. Nyekundu kwenye beseni, za kijani na zilizotobolewa kwenye sufuria kuukuu. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Alimwona, akamaliza kiganja alichokuwa nacho, ndipo akasema, "Karibu," kama anavyokaribishwa mtu wa sensa.

"Sijaja na neno refu," alisema Nathanaeli. "Majibu yametoka. Ni mimi."

Alimpa ile karatasi. Devotha hakuipokea, mikono yake ilikuwa na utomvu. Basi alimweleza kwa mdomo, hatua kwa hatua, nyuzi mbili, ncha, kugawanywa nusu. Hakuficha lile la majibu yake yaliyotoka mapema. Hapo mikono ya Devotha ikasimama.

"Ulijua mimi ni safi tangu lini?"

"Tangu Aprili ya mwaka jana."

"Na hii ni Juni."

"Ndiyo."

Aliangalia bondeni, kule Ziwa Jipe linakoonekana kama bati lililoangushwa nyikani.

"Nimekaa hapa," alisema, "kila nikikaribia kuku wa wifi yangu wanaoatamia, najiondoa mwenyewe. Hakuna aliyenifukuza. Najiondoa tu, nisije nikayaharibu mayai."

"Devotha, daktari anasema bado inawezekana. Tukiwa na subira..."

"Subira," alirudia Devotha, bila hasira. Akachukua kiganja kingine cha buni. "Jumamosi nitakuja Mbaga. Usinielewe vibaya. Nakuja kusikia. Waite walewale, wakae palepale, na wewe useme palepale uliposemea."

"Nikisema, utabaki?"

"Sema kwanza."

Kwa maneno hayo mawili Nathanaeli aliishi siku mbili. Alifika Mbaga Ijumaa mchana, akafagia uani, akapanga viti kama vilivyokuwa. Alimwambia mama yake kuna majibu ya hospitali, wazee wanapaswa kusikia. Raheli alimtazama tu, akasema, "Na huyo anakuja?" Alipojibiwa ndiyo, aliloweka mahindi na maharage.

Jumamosi walikuja wote. Devotha alifika na kaka yake, akamshika mama mkwe mkono. "Shikamoo, mama." "Marahaba," Raheli aliitikia, akiangalia pembeni. Safari hii Devotha hakwenda jikoni. Aliketi uani kati yao, miguu yake pamoja, mikono mapajani.

Nathanaeli alisimama na vitabu viwili alivyovitoa kabatini mwa mama yake, Biblia na kitabu cha nyimbo.

"Mwaka jana hapa nilisema nimejipima na tatizo si mimi. Nilikosea. Tatizo ni mimi. Mwilini mwangu kuna nyuzi mbili zilizobadilishana ncha." Akainua vile vitabu. "Baba mdogo, chukulia kwamba kurasa za mwisho za Biblia hii zimeshonwa humu kwenye nyimbo, na kurasa za mwisho za nyimbo zimeshonwa kwenye Biblia. Mwenye vitabu vyote viwili amepungukiwa nini?"

"Hajapungukiwa," alisema baba mdogo Clemence. "Atasumbuka kutafuta tu."

"Huyo ndiye mimi. Sasa nikimpa mtoto Biblia iliyoshonwa hivyo, na kitabu cha nyimbo kizima, kisichoguswa?"

Mzee alichukua Biblia akaigeuza mkononi, kana kwamba kweli imeshonwa vibaya. "Atakuwa na nyimbo za mwisho mara mbili," alisema polepole, "na Ufunuo hana."

"Hawezi kuishi hivyo. Wale wanne walipewa hivyo na mimi. Devotha aliwabeba kwa kadiri walivyoweza kubebwa. Hana kosa. Hakuwa nalo."

Kuku alipita katikati yao. Kisha Raheli akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba shangazi aliinama kumsikia:

"Na huo uzi, wewe uliupata wapi?"

"Mara nyingi hutoka kwa mzazi, mama. Wakati mwingine huanza wenyewe."

"Mzazi yupi?"

"Hatuwezi kujua. Baba hayupo wa kupimwa. Wewe ukitaka..."

"Mimi sitaki kupimwa," alisema Raheli. "Mimi nilishapimwa." Alianza kukunja pindo la kitenge chake, akalikunja mpaka likawa kama kamba. "Kabla yako walikuwa watatu. Baada yako mmoja. Bibi yako alinikataza kupanda mbegu. Alisema mkono wangu unaua. Miaka arobaini na mmoja nimejua kwamba ni mimi. Nikazeeka nalo." Akainua uso, akamwangalia Devotha kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Halafu nikakukataza wewe."

Baba mdogo Clemence alivua kofia.

Devotha aliinuka. Nathanaeli alidhani anamjia yeye, hata mwili wake ukasogea bila kuambiwa. Devotha alimpita. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe, akalifungua lile pindo lililokunjwa, taratibu, akalinyoosha juu ya magoti ya mzee. Raheli akalia kama mtoto, mdomo wazi, bila kujifunika. Wanaume wakaangalia chini.

Wakainuka wote wawili, wakashikana mikono, wakaingia mgombani. Walikaa huko muda mrefu. Kutoka uani sauti zao zilisikika bila maneno, ya mmoja, kisha ya mwingine, kama watu wanaoelekezana mipaka ya shamba. Nathanaeli alibaki amesimama penye mgomba wa kwanza, pale mwanamume anapokomea.

Walipotoka, Devotha alikuwa na udongo kwenye magoti. Alimjia sasa.

"Nimesikia," alisema. "Ahsante."

"Utabaki?"

"Hapana."

Alisema kwa upole kabisa, na ule upole ndio uliomwonyesha Nathanaeli kwamba hakuna mlango.

"Si kwa ajili ya uzi," Devotha aliendelea. "Uzi hukujipa. Ungekuja siku ile jikoni ukaniambia tuna ugonjwa hatuujui, ningekaa na wewe mpaka tuzeeke bila mtoto. Lakini mbele ya watu ulisema, 'Si mimi.' Tulikuwa wawili, Nathanaeli. Ukajitoa, nikabaki peke yangu na wanne." Akajifuta mkono kwenye gauni, akampa, wakashikana kama watu wanaoagana stendi. "Sina kinyongo. Nimechoka tu."

Kaka yake alikuwa ameshawasha pikipiki. Kabla hajapanda, Devotha alimgeukia Raheli. "Mama, mwonyeshe. Huyu mwanao asichokiona hawezi kukihesabu."

Shangazi aliguna, maana jambo hilo halikuwahi kufanyika. Raheli hakumwangalia shangazi. Mlio wa pikipiki ulipopotelea kwenye kona ya chini, alimshika mwanawe kiganja, kama alivyomshika siku ya kumpeleka darasa la kwanza, akamwingiza.

Mgombani kulikuwa na ubaridi na majani makavu. Raheli alikwenda akinyoosha kidole, hakukosea mahali hata pamoja. "Hapa wa kwanza wa Devotha. Hapa wa pili. Huyu wa tatu tulimfunga na kanga yake ya bluu. Huyu wa mwisho." Akavuka mfereji. "Na hapa ni wangu. Huyu, na huyu, na huyu. Na yule pale, ulikuwa na miaka miwili, ulikuwa unalia nje unaniita."

Hapakuwa na alama yoyote. Udongo ulikuwa uleule na migomba ileile. Nathanaeli alipiga goti penye wa kwanza, akaweka kiganja chake chini, akakandamiza taratibu, bila kusogeza mkono. Kisha akaenda kwa wa pili.